Chai ya Mama Mkwe Kabla ya Treni

Likasi, Jumanne. Mvua tangu alfajiri, na haionyeshi dalili ya kuchoka.

Treni ya Kasai itaondoka Alhamisi asubuhi. Amesema mkuu wa stesheni, leo saa tatu, akiwa amesimama juu ya kreti ya bia mbele ya umati, koti lake limelowa mabegani. Nilimwuliza kama ana hakika. Akajibu kwamba injini imekwisha kufika na kwamba ameigusa kwa mkono wake. Wiki iliyopita pia alitaja siku, lakini wakati ule hakuwa amegusa kitu.

Gazeti langu halichapwi tena kwa kukosa karatasi. Hata hivyo naenda stesheni kila asubuhi na kalamu yangu, kwa sababu miguu haijui kazi nyingine. Pale wamejaa watu ambao baba na babu zao waliletwa hapa kutoka Kasai kuchimba shaba. Wengi wamezaliwa hapa, wamebatizwa hapa, na sasa wanaambiwa hapa si kwao. Wanalala chini ya maturubai, katikati ya makabati na magodoro yao, wakingoja treni. Wanaowafukuza nao wanangoja treni hiyohiyo. Sijaona jambo jingine ambalo pande mbili zinakubaliana.

Mama mkwe wangu anatakiwa kuipanda.

Yumo ndani ya nyumba hii ninamoandika. Mtaa unaamini alikwisha kuondoka kwa lori. Ndivyo nilivyotangaza mimi mwenyewe, nikafunga madirisha ya upande wa barabara. Stesheni watu wanakufa kwa kuhara kabla treni haijaja, na yeye si kijana. Nikasema akae ndani hadi siku ya safari ijulikane. Vijana wa mtaa wakijua, watamtoa usiku uleule, na nyumba iliyomficha haitabaki na paa. Kuna moja kama hiyo barabara ya pili. Nimeiona.

Mke wangu Mado na binti yetu Nana wako Kapolowe, kwa dada yangu, wanalima mahindi. Mado anazungumza kama mtu wa hapa na kitambulisho chake kina jina langu, kwa hiyo vizuizi vya barabarani vilimpitisha. Mama yake akifungua kinywa tu, Kasai nzima inasikika. Akabaki.

Tumebaki wawili, mtu na mkwewe. Na hilo ni tatizo jingine.

Kwetu sisi na kwao pia, mwanamume hamtazami mama mkwe wake usoni. Hali chakula mbele yake. Mama mkwe akiwa jikoni, yeye haingii. Wakikutana njiani, mmoja anashika upande wa majani. Maneno hupita kwa mtu wa kati, na mtu huyo kwa miaka yote alikuwa Mado, halafu Nana alipojifunza kusema. Sasa wako Kapolowe. Kwa hiyo mama mkwe husimama nyuma ya mlango, hupiga makofi mawili ya polepole, na kusema, "Nana, ambia baba yako bukari iko tayari." Nami husubiri hadi nisikie nyayo zake zikirudi chumbani, nachukua sahani ya ugali juu ya kigoda, na kujibu, "Nana, ambia kaku aksanti," kaku yaani bibi yake. Nana yuko kilomita nyingi kutoka hapa, anafukuza ndege shambani. Anafanya kazi nzuri kuliko mawaziri wetu.

Leo nimerudi kutoka stesheni kwa miguu, na nilipokata kona ya barabara yetu nikasimama.

Harufu ya chai.

Si chai yoyote. Tangawizi, maganda ya machungwa, maziwa. Kabla ya mambo haya, mama mkwe alikuwa akiuza chai hiyo kila asubuhi kwenye mlango wa kiwanda, kwa wanaume waliotoka zamu ya usiku. Hakuna mwingine mjini aliyeipika. Mtu aliyekunywa mara moja aliijua harufu yake hata akiwa ng'ambo ya barabara. Na leo ilikuwa imelala juu ya mtaa mzima, kwa sababu mvua inazuia harufu isipande.

Papa Kalenga alikuwa amesimama chini ya ukingo wa paa lake, mkono mfukoni, pua juu. Ni mwenyekiti wa barabara yetu. Vijana wanaofukuza watu humsikiliza, au yeye huwasikiliza, sijathibitisha. Alifanya kazi kiwandani hadi kiwanda kilipozima tanuri.

"Papa Journaliste," akasema, "hii harufu inatoka kwako?"

"Inatoka kwangu."

"Hii ni chai ya mama yako mukwe. Minye niliikunywaka ku mulango ya usine miaka yote. Na weye ulituambia mama alishakwenda."

"Alikwenda. Ni minye niko napika."

Akanitazama kuanzia viatu.

"Weye."

"Mama Nana iko Kapolowe. Nani atanipikia?"

"Bon." Akaondoa mkono mfukoni. "Saa kumi tutakuya na batoto bawili. Utatupikia mbele ya macho. Baridi inatuuma na sisi."

Nilimwambia karibu. Nimewahoji mawaziri na wezi, na najua kusema uongo bila kubadili sauti. Nikaingia ndani na kufunga mlango kwa ufunguo.

Mama mkwe alikuwa amesikia yote kupitia mbao za dirisha.

"Nana," akasema nyuma ya mlango wake, "ambia baba yako anihurumie. Niliogopa moshi tu, nikasema mvua itaificha. Harufu sikuifikiri. Nilitaka kuikunywa mara moja tena mu nyumba, kabla ya treni."

Nikamwambia Nana amwambie kaku treni ni Alhamisi. Kisha nikamwambia Nana amwambie kaku kwamba nitapika chai mimi mwenyewe, na asihangaike.

Nilisema hivyo kwa kujiamini kabisa. Nimekunywa chai hiyo tangu nilipooa. Ningeweza kuitambua kati ya chai mia nikiwa nimefungwa macho. Nilichosahau ni kwamba sijawahi kuiona ikipikwa. Kila ilipopikwa, mimi nilikuwa sebuleni, kwa heshima.

Nikatia makaa kwenye mbabula, jiko letu la bati, nikapepea hadi yakawa mekundu. Nikaweka sufuria na maji. Nilijua kuna tangawizi, nikaikatakata. Nilijua kuna tunda chachu, lakini machungwa hayapo majira ya mvua, na nyuma ya nyumba mlimau umejaa matunda ya kijani. Nikachuma matatu. Nikatia majani ya chai, nikatia maziwa ya unga, vijiko vikubwa kutoka kopo lililokuwa karibu kwisha, nikakoroga hadi yakachemka vizuri. Ilionekana chai. Kisha nikakata malimau na kuyakamua humo ndani yote, kama wanavyofanya kwenye mikahawa ya mjini na chai isiyo na maziwa.

Maziwa yakakatika mbele ya macho yangu. Juu maji ya rangi ya kutu, chini mabonge meupe. Nikakoroga kwa nguvu, mabonge yakawa madogo na mengi zaidi. Nikaonja. Sitaeleza.

Makofi mawili nyuma ya mlango wa jikoni.

"Nana, ambia baba yako ile anapika si chai. Ni dawa ya mbuzi ya kuhara."

Nilitazama saa. Ilikuwa imekwisha kupita saa saba.

Ndipo akasema jambo ambalo hakuwahi kulisema tangu nimfahamu. Hakumwambia Nana.

"Baba Nana, geuka ku dirisha. Naingia."

Nikageuka. Nikasikia ndara zake kwenye saruji, kisha pumzi yake, kisha sufuria ikimwagwa kwenye ndoo. Nilitazama ule mlimau nje kama mwanafunzi aliyeadhibiwa. Nilikuwa na aibu ambayo haikuhusiana na vijana wa mtaa, wala kizuizi, wala paa. Ilikuwa aibu ya zamani tu, ya mtu aliyekutwa jikoni na mkwewe.

Alinieleza kwa sauti ya mtu anayefundisha mtoto kuvuka barabara. Tangawizi haikatwi, inapondwa, na inachemshwa peke yake na maji kwa muda mrefu, kwa sababu tangawizi mbichi nayo hukata maziwa. Malimau hayamo. Maji ya tunda lolote hayamo. Kinachoingia ni ganda la chungwa lililokauka, na analo ndani ya kopo la zamani: machungwa ya Kapolowe ya kiangazi, yamekwanguliwa weupe wote wa ndani, kwa sababu weupe ndio uchungu, kisha yamekaushwa kwenye sinia juu ya joto la mbabula hadi yavunjike kama jani. Ganda lina harufu bila uchachu. Mtu akikamua, amepata uchachu na amepoteza harufu. Majani ya chai yanafuata, dakika chache, halafu sufuria inatoka motoni na kuchujwa. Maziwa yanakorogwa pembeni na maji ya uvuguvugu hadi yawe mazito, na yanamiminwa ndani mwishoni, kidogo kidogo, mkono ukizunguka. Baada ya hapo moto hauguswi tena. Sukari kila mtu atie mwenyewe.

"Sasa weye," akasema. "Minye nageuka ku ukuta."

Tukabadilishana. Yeye akatazama ukuta, mimi nikapika. Alinisahihisha bila kuona, kwa kusikia. "Bado. Maji bado inalia juu. Ikilia chini, njo utie ganda." Nilingoja ilie chini. Ikalia chini. Sikujua kwamba maji yana sauti mbili.

Chai ilitoka sawasawa.

Tukainywa palepale ili isikutwe, yeye akiangalia ukuta, mimi nikiangalia mlimau, migongo yetu ikikaribia kugusana kwa udogo wa jiko. Sikuwahi kunywa kitu chochote mbele ya mama mkwe wangu. Nilisikia akimeza, na bila shaka naye alinisikia.

Kisha akaweka kikombe chini taratibu.

"Baba Nana. Umeipika muzuri sana."

"Ni weye umenifundisha, mama."

"Njo ile. Nani atakubali kama minye nilikufundisha kabla ya kwenda?"

Nimeishi kwa kuuliza maswali, na hilo sikuwa nimeliuliza. Mwanamume yeyote wa mtaa huu anajua kwamba mkwe haingii jiko la mama mkwe. Mado naye hakuipika kamwe. Chai ilikuwa ya mama yake, kila mtu alijua. Nikipika chai hiyo bila kosa mbele ya Kalenga, nitakuwa nimemwonyesha kwamba kuna mtu ndani aliyenifundisha jana au leo. Chai nzuri ingemtoa nje. Chai mbaya ingemficha.

"Basi nitaiharibu," nikasema.

"Haribu kama ile ya kwanza. Lakini ganda utie, harufu ifanane. Pole kwa maziwa."

Lilikuwa kopo la mwisho. Tungeweza kulitumia hadi Alhamisi.

Baadaye akauliza ningemweka wapi. Nilikuwa nimefikiria stoo. Akasema stoo watafungua kwanza, halafu chumba chake, halafu chini ya kitanda chake. Alisema haya akiwa bado anatazama ukuta, na sauti yake ilishuka.

"Nitaingia mu chumba yako ya kulala."

Sina namna ya kueleza maana ya maneno hayo kwa mtu asiye wa kwetu. Mama mkwe kwenye chumba anacholala mkwewe: hata katika matusi ya walevi sijawahi kusikia likitajwa. Nilitaka kusema hapana. Nikatazama saa, nikasema ndiyo. Alijifunika kitambaa kichwani hadi machoni kabla ya kuingia, akafunga mlango mwenyewe.

Walifika saa kumi kamili. Kalenga na vijana wawili, mmoja mrefu, mwingine mwenye kikohozi, wote wamelowa. Mrefu hakuketi. Alifungua stoo. Alifungua chumba cha mama mkwe, nikasikia akiinua godoro. Kisha akaja na kuweka mkono kwenye kitasa cha chumba changu.

Nilikuwa napondaponda tangawizi. Sikuacha, kwa sababu kuacha kungekuwa jibu.

"Weye," Kalenga akamwambia bila kugeuka, "unatafuta nini kule?"

"Ule mama."

"Mu chumba mukwe analalamo? Weye ulizaliwa na bantu ao na bambuzi?"

Mwenye kikohozi akacheka. Mrefu akaondoa mkono kama aliyeshika sufuria ya moto, akaja kuketi.

Nikapika. Nikatia ganda, harufu ikajaa. Nikatia majani. Nikamimina maziwa yote yaliyobaki, nikayaacha yachemke. Halafu nikachukua limau, nikalikata mbele yao, na kulikamua kwa mikono miwili kama mtu anayejua sana anachofanya. Kamwe sijafanya kosa kwa uangalifu kama ule.

Maziwa yakakatika.

"Papa Journaliste," mwenye kikohozi akasema, "hii unaikunywa ao unaioshea vitambaa?"

"Inakuwaka hivi," nikasema.

"Haikuwake hivi. Kaka, tazama, iko na batoto ndani."

Mrefu alionja, akatema nje dirishani, akasema sasa anaelewa kwa nini mke wangu alikimbilia Kapolowe. Walicheka sana. Nikacheka pia, si sana. Mtu wa kweli angekasirika kidogo, kwa hiyo nikakasirika kidogo.

Kalenga hakucheka. Alikunywa kikombe chake hadi nusu, polepole, mabonge na yote, akitazama mvuke. Kisha akasimama na kuwaambia vijana nyumba hii imekwisha kuonekana na hakuna sababu ya kurudi. Wakatangulia.

Kwenye geti aligeuka, akaonyesha kizuizi cha vijana kwenye kona.

"Alhamisi, saa kumi na moja, minye peke yangu niko ku barrière ya kona. Kama uko na muzigo, pita ile saa."

"Muzigo ya wapi?"

"Minye najua wapi? Muzigo."

Akaenda zake na mvua.

Sijui alijua nini. Labda alimaanisha mzigo wa mahindi wa Kapolowe. Labda alikuwa na hakika tangu kona ya barabara na alikuja na vijana ili wao ndio waone kwamba hakuna kitu. Nimeandika maneno yake jinsi alivyoyasema. Sina chanzo cha pili.

Niliporudi ndani nilipiga makofi mawili mbele ya mlango wa chumba changu, nikaenda kusimama uani ili apite. Alipita.

Sasa ni jioni. Madirisha yamefungwa, moshi wa makaa unaniuma macho, na nimetembea sebuleni hadi najua kila tofali. Natafuta njia nyingine na siioni. Kapolowe vizuizi. Stesheni maradhi. Humu ndani paa. Nimehangaika siku nzima, nimemwaibisha mama wa watu, nimeharibu maziwa ya mwisho, na nilichokipata ni hiki: mama mkwe wangu ataweza kufukuzwa salama.

Amenisimulia habari zake, kupitia Nana. Alikuja mji huu kwa treni, bibi harusi mdogo, na mumewe akaenda chini ya ardhi kuchimba shaba. Huko atakakoshushwa hajui nyumba hata moja.

Nilimwuliza Nana amwulize kaku kama anataka kwenda.

"Nana, ambia baba yako kutaka ni kitu ingine."

Muda huu nasikia kisu jikoni. Anakwangua weupe kwenye maganda ya yale malimau niliyoyakamua. Amesema hata limau lina ganda zuri, ni mimi tu nilianza upande usiofaa. Ameyapanga kwenye sinia juu ya mbabula inayokufa. Nikamwuliza Nana yatakauka lini.

Kwa mvua hii, wiki nzima, na niyageuze kila asubuhi.

Kesho nitarudi stesheni kuitazama hiyo injini mwenyewe. Alhamisi, saa kumi na moja alfajiri, kizuizi cha kona. Yeye atatangulia, mimi nitafuata nyuma na godoro, kwa umbali wa heshima.